Ukichagua Kiasi, Umemchagua Muuzaji

Wahenga walituachia kauli kwamba mchagua jembe si mkulima. Kauli hiyo ina busara yake, kwani mvua haimngojei mtu anayezunguka madukani akipima mipini. Hata hivyo, zipo zana ambazo kuchagua ndiyo kazi yenyewe, na anayezichukua bila ya kufikiri hujikuta siku ya haja ameshika chuma kisichomfaa. Mojawapo ya zana hizo ni bastola ya kuwindia yenye kutia kiasi kimoja kimoja. Msomaji asishangazwe na neno hili kiasi. Nitalifafanua baada ya muda si mrefu, na kwa hakika ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua swali litakaloulizwa na mwalimu au mwanafunzi anayesoma safu hii. Mhadhiri wa isimu, mkazi wa Likoni, ana haja gani na bastola za kuwindia katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu mwaka wa 1977? Jibu langu ni fupi. Sina bastola wala siitamani. Nilikuwa nikifundisha somo la tafsiri, na mmoja wa wanafunzi wangu, kijana wa Kisauni, akaleta darasani makala ya Kiingereza kuhusu wawindaji wa Marekani na namna wanavyochagua viasi visivyo vya kawaida kwa bastola zao. Alitaka tuitafsiri kama zoezi. Niliikubali kwa kuwa naamini kuwa lugha hujulikana uimara wake inapotolewa nje ya uwanja wake wa mazoea. Shairi la mapenzi kila mtu atalitafsiri. Haya, na tuone mambo ya chuma na baruti.

Zoezi lilikwama katika mstari wa kwanza. Kitu kile ambacho mwindaji hukichagua, kile kipande kizima anachokitia ndani ya bastola, kilipewa majina manne na wanafunzi wanne. Wa kwanza aliandika risasi. Wa pili aliandika ganda. Wa tatu aliandika katriji, na mwenzake akamkumbusha kwamba katriji siku hizi ni kile chombo cha wino wa printa. Wa nne, ambaye nilimsifu kwa ujasiri ingawa sikumpa alama, aliandika kidonge. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kabla ya kutafsiri makala ilitupasa kwanza kuielewa, na kwamba makala yenyewe, ijapokuwa ilizungumzia wawindaji wa mbali, ilikuwa na somo ambalo sisi watu wa lugha tunalihitaji mno.

Natuanze na kitu chenyewe. Kile kipande kizima kina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo aghalabu ni la shaba, nalo ndilo linaloshika sehemu nyingine zote. Ndani ya ganda mna baruti. Kitakoni pa ganda pana fataki, yaani kijisahani kidogo kinacholipuka kinapogongwa na kuiwasha baruti. Na mdomoni mwa ganda imepachikwa risasi, ile ambayo hutoka na kumwendea mnyama. Risasi, basi, ni sehemu moja tu katika nne. Anayekiita kitu kizima risasi ni sawa na anayemwita samaki mzima kichwa.

Sasa tuitazame bastola. Hii si bastola ya askari, inayobeba viasi kadhaa na kuvifyatua kwa mfululizo. Hufunguka katikati kama bawaba. Mwindaji hutia kiasi kimoja nyuma ya mtutu, akaifunga, akalenga, akafyatua. Akikosa, itambidi aifungue tena, atoe ganda tupu, atie kiasi kingine, na kwa wakati huo mnyama amekwisha kuvuka kilima. Bastola iliyopata sifa zaidi katika jamii hii ni Contender, iliyobuniwa na Warren Center na kuanza kuuzwa na kampuni ya Thompson/Center ya Marekani mwaka wa 1967. Sifa yake kubwa ni kwamba mtutu wake hutolewa na kubadilishwa. Mpini ni ule ule, mtambo ni ule ule, lakini leo mtu anaweza kufunga mtutu wa viasi vidogo vya kuwindia sungura, na kesho akafunga mtutu wa viasi vya kuwindia kulungu. Ndiyo maana nasema kwamba mwenye bastola hii hachagui bastola. Bastola amekwisha kuwa nayo. Anachochagua ni kiasi.

Na hapa ndipo penye mtihani. Kiasi kinachopatikana katika kila duka la vijijini nchini Marekani ni kile kiitwacho .30-30, kilichoingizwa sokoni na kampuni ya Winchester mwaka wa 1895. Namba hiyo ya kwanza ni upana wa risasi, yaani takriban sehemu 30 katika 100 za inchi moja, na ya pili ilikuwa ni kipimo cha baruti. Kiasi hiki kimeua kulungu wasiohesabika. Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya bunduki yenye mtutu mrefu. Kikitiwa katika bastola yenye mtutu wa inchi 10, baruti yote haipati nafasi ya kuungua ndani. Nyingine huungulia nje, ikamwachia mwindaji mlio mkubwa, mwali mkubwa na nguvu pungufu.

Isitoshe, bunduki nyingi za .30-30 hupanga viasi katika bomba, kimoja nyuma ya kingine. Risasi yenye ncha kali ingeweza kuigonga fataki ya kiasi kilicho mbele yake na kuleta maafa, kwa hiyo risasi za viasi hivyo vya madukani kwa kawaida hutengenezwa bapa kichwani. Risasi bapa hushindana sana na upepo na huishiwa na kasi mapema. Bastola ya kutia kiasi kimoja haina bomba wala haina hofu hiyo. Mwenye nayo anaweza kutumia risasi yenye ncha. Kwa nini basi afungwe na desturi ya bunduki ambayo si yake?

Kwa sababu hizo wakatokea watu waliotaka viasi vingine. Steve Herrett, pamoja na mwandishi wa mambo ya uwindaji aliyeitwa Bob Milek, walibuni katika miaka ya 1970 kiasi kilichopewa jina la .30 Herrett, chenye kuutosha mtutu mfupi wa Contender. Mwandishi mwingine, Ken Waters, alibuni kiasi chenye risasi nyembamba zaidi, ya milimita 7, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 1984 kwa jina la 7-30 Waters, nacho kikapendwa na wenye bastola hizo. Kuna na 7mm TCU iliyobuniwa na Wes Ugalde. Katika karatasi, viasi hivi huyashinda yale mazoea ya dukani. Lakini ukienda dukani kuvitafuta, muuzaji huenda akakutazama kama mtu aliyeagiza pweza huko Turkana.

Huu ndio uamuzi wenyewe, na hauna wepesi. Kwa upande mmoja kuna kiasi kinachoufaa mtutu, ambacho hakipatikani. Kwa upande mwingine kuna kiasi kinachopatikana, ambacho hakiufai mtutu barabara. Anayechagua cha kwanza kwa kuvutiwa na hesabu za kasi na nguvu huenda akaja kumiliki chuma kizuri cha kupigia misumari. Ukipenda boga upende na ua lake. Ukichagua kiasi, umemchagua na muuzaji wake. Muuzaji akifunga duka, mtutu wako umefungwa.

Jambo hili halikuanzia Marekani. Pwani yetu imelijua kwa zaidi ya karne moja, na kwa gharama kubwa. Babu zetu walipotumia magobore, hawakumtegemea sana muuzaji wa mbali. Gobore halina choyo. Mtu hupima baruti, akaimimina mdomoni mwa mtutu, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi aliyoiyeyusha mwenyewe au hata vipande vya chuma, akaweka fataki, akawa tayari. Bunduki mpya za kutia viasi kwa nyuma zilipokuja, zilikuwa na kasi na shabaha ambavyo gobore haliwezi kuota. Lakini zilikuja na masharti: kila moja ilitaka kiasi chake, na kiasi hicho kilitoka viwandani Ulaya.

Wakubwa wa Ulaya waliutambua upesi ufunguo huo. Katika Mkataba wa Brussels uliotiwa sahihi mwezi Julai 1890, mkataba ambao kwa sifa ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, waliweka vifungu vya kuzuia silaha za kisasa pamoja na risasi na viasi vyake visiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Mombasa imo ndani ya mipaka hiyo. Magobore ya jiwe na baruti ya kawaida yaliachiwa mlango, tena kwa masharti. Hawakuhitaji kupita nyumba hadi nyumba wakinyang'anya kila bunduki ya kisasa iliyokwisha kuingia. Aliyezuia kiasi ameizuia bunduki. Iache ikae ukutani. Baada ya muda itakuwa fimbo.

Tazama pia kisa kilichotokea kwenye reli iliyoanzia kwetu hapa, ikapita Changamwe na kuelekea bara. Mwezi Desemba 1898, mhandisi J. H. Patterson alikuwa akiwavizia simba wala watu wa Tsavo, waliokuwa wamewatia wafanyakazi kiwewe kwa miezi kadhaa. Siku hiyo alikuwa ameiacha bunduki yake aliyoizoea na kuazima ya mwenzake, kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi. Watu wakamswaga simba kwa kelele za madebe mpaka akatokeza mbele yake, karibu kabisa. Patterson akafyatua, na kilichosikika ni mlio mkavu wa chuma tu, kiasi hakikulipuka. Simba aliruka kando na Patterson akaokoka, lakini katika kitabu chake cha mwaka wa 1907 alijilaumu kwa kuiendea vita silaha asiyoijaribu. Sisi tungemwambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguvu iliyoandikwa katika karatasi si nguvu mpaka ithibitike mkononi.

Mfano wa kinyume chake ni Walter Bell, Mskochi aliyezaliwa mwaka wa 1880 na kufariki mwaka wa 1954, ambaye walimwengu humwita Bell wa Karamoja kwa ajili ya uwindaji wake kaskazini mashariki ya Uganda. Aliwaua ndovu zaidi ya 1,000, idadi ambayo leo hatuwezi kuisimulia kwa fahari, na mimi siisimulii kwa fahari. Lakini katika uchaguzi wa kiasi alikuwa mwalimu. Zama hizo wawindaji wa ndovu walipigania viasi vikubwa vya kutetemesha mabega. Bell alipendelea kiasi chembamba cha milimita 7 cha bunduki ya Mauser, ambacho Waingereza walikiita .275. Wengi hudhani kwamba alifanya hivyo kwa majivuno ya shabaha. Shabaha alikuwa nayo, na elimu ya maumbile ya mnyama pia. Lakini alitoa na sababu nyingine: viasi vile, vilivyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya majeshi, havikumwangusha. Alikijaribu na kukipenda kiasi kiitwacho .318, kisha akakiacha kwa sababu ya kasoro za viasi vyenyewe. Alichochagua Bell, basi, ni kiasi kilichoonekana kigeni mbele ya wawindaji wenzake, lakini ambacho nyuma yake kulikuwa na viwanda vya kuaminika. Hakikuwa cha kawaida kwa ndovu. Kilikuwa cha kawaida kwa dunia.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayowaokoa wale Wamarekani wenye kuchagua viasi adimu, na hapa ndipo makala ya mwanafunzi wangu iliponifunza jambo. Ganda la .30 Herrett halichimbwi kutoka sayari nyingine. Ni ganda la .30-30 lililokatwa likawa fupi na kufinyangwa upya katika kalibu ya chuma. Ganda la 7-30 Waters ni lile lile la .30-30, lililobanwa mdomo ili lishike risasi nyembamba. Ganda la 7mm TCU ni la .223, kiasi kinachotumiwa na bunduki nyingi duniani, lililopanuliwa mdomo. Kwa hiyo mwenye kiasi adimu cha namna hii huenda dukani akanunua kitu kilichojaa kila mahali, akarudi nyumbani, akakitengeneza. Duka lisipomuuzia, ana kalibu, ana mizani, ana maarifa. Lakini aliyechagua kiasi adimu ambacho na ganda lake nalo ni adimu, huyo amejitundika.

Kwa maoni yangu, hukumu ya suala hili iko hapo. Si kweli kwamba kiasi cha kawaida ndicho bora siku zote, wala si kweli kwamba kiasi adimu ni cha wajuaji. Mwenye kutaka kuchagua kiasi adimu na ajiulize maswali matatu. Je, mtutu wangu unakihitaji kweli, au navutiwa na ugeni wake tu? Je, kimetokana na ganda linalopatikana kwa wingi? Na je, mimi mwenyewe ninaweza kukijaza, kukipima na kukijaribu kabla ya siku ya haja? Akijibu ndiyo mara tatu, na achukue. Akijibu la hata mara moja, .30-30 inamngoja dukani na wala haina aibu.

Sasa nirudi katika lile neno. Wazee wetu wa pwani hawakukosa jina la kitu hiki. Kamusi za kale, tangu enzi za Askofu Edward Steere aliyekusanya Kiswahili cha Unguja katika karne ya kumi na tisa, zinatupa kiasi cha bunduki, na kwa wingi viasi. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni kipimo. Na ni jina lililofikiriwa vizuri mno. Kwa mtu wa gobore, kazi nzito ilikuwa ni kupima: baruti ikipungua, risasi haifiki, ikizidi, mtutu hupasuka na kumng'oa mtu vidole. Alipoona kipande ambacho ndani yake kila kitu kimekwisha kupimwa, hakukiita kwa umbo lake wala kwa chuma chake. Alikiita kwa kile alichopunguziwa: kipimo kilichokwisha kupimwa, yaani kiasi.

Neno risasi nalo, ambalo pia ni la Kiarabu, ni jina la madini. Mwanafunzi wa kemia analijua hadi leo kwa maana hiyo. Kwa kuwa vitufe vya bunduki vilifanywa kwa risasi, vikaitwa risasi. Kisha jina likapanda kutoka kitufe likafunika kipande kizima. Hiyo ni njia ya kawaida ya maneno na mwanaisimu hana haki ya kuikasirikia. Tatizo huzuka pale ambapo sehemu na kitu kizima vinagombania jina moja mahali ambapo tofauti yake ina uzito.

Na kwetu sisi tofauti hiyo ina uzito. Tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua maafisa wa polisi na kuchukua makumi ya bunduki pamoja na viasi vyake. Yaliyofuata yalikuwa ni vifo, nyumba na vibanda kuteketezwa, na maelfu ya wakazi, hasa waliotoka bara, kuyahama makazi yao. Baadaye ikaundwa tume chini ya Jaji Akiwumi kuchunguza machafuko ya kikabila nchini. Katika mambo kama hayo, raia hutakiwa kueleza alichokiona. Fikiri juu ya shahidi asemaye kwa Kiswahili, "Niliona risasi mlangoni," na mkalimani akayageuza maneno hayo kuwa Kiingereza mbele ya hakimu. Aliona nini? Ganda tupu, linaloonyesha kwamba aliyefyatua alisimama hapo? Risasi iliyopasua mlango, inayoonyesha kwamba hapo ndipo ilipofikia? Au kiasi kizima kisichofyatuliwa, ambacho mtu alikidondosha alipokuwa akikimbia? Hayo ni maelezo matatu, na kila moja humwelekezea kidole mtu mwingine. Mkalimani atachagua moja, na hakimu ataliandika. Maisha ya mtu yanaweza kuning'inia katika neno moja ambalo lugha ilikuwa nalo ikaliacha kabatini.

Mwenzangu mmoja chuoni, ambaye ninamheshimu sana, amenipinga. Anasema kwamba kiasi ni neno adimu kwa maana hii, na kwamba mimi nafanya kosa lile lile la mwindaji mwenye mapenzi ya vitu vya ajabu. Risasi, asema, ndiyo .30-30 ya Kiswahili. Kila mtu anayo. Pia akanitega kwa sarufi: ukisema "kiasi cha risasi," si itaeleweka kuwa ni idadi ya risasi?

Pingamizi hilo ni zito na sitalikwepa. Ndiyo, katika mazungumzo ya barazani risasi inatosha, na anayemsahihisha jirani yake anayesema "alipigwa risasi" hana kazi. Tena jirani yuko sahihi, kwani kimpigacho mtu ni risasi hasa. Lakini mahakamani, katika mafunzo ya polisi, katika somo la historia na katika maelezo ya makumbusho kama yale ya Fort Jesus, mtutu ni mwingine na unahitaji kiasi kingine. Kuhusu utata wa sarufi, tiba yake imo katika sarufi hiyo hiyo. Kiasi cha maana ya idadi hakihesabiki kwa desturi. Kiasi cha bunduki kinahesabika. Anayesema "viasi vitano vilipatikana, vitatu vizima na maganda mawili matupu" ameshajikosoa katikati ya sentensi, na masikio ya msikilizaji yatamwambia kwamba hayo maganda mawili hayakustahili kuhesabiwa miongoni mwa viasi. Na pale ambapo shaka ingalipo, jina kamili lipo: kiasi cha bunduki, kiasi cha bastola.

Zaidi ya hayo, neno hili linafaulu katika yale maswali matatu. Haja ipo. Ganda lake ni la kawaida, kwani hakuna mtoto wa Magongo au Mtongwe asiyelijua neno kiasi. Na kila mwalimu anaweza kulijaza mwenyewe, akalieleza kwa dakika moja bila ya kamusi. Linganisha na baadhi ya istilahi tunazowabebesha wanafunzi. Barua pepe lilishika haraka kwa sababu barua tunaijua na pepe linatukumbusha upepo. Mtandao lilishika kwa sababu wavuvi na buibui walikuwa wametangulia kulifundisha. Lakini ngamizi, lililovuma wakati mmoja katika baadhi ya maandishi kwa maana ya kompyuta, limeachwa njiani. Na tarakilishi bado linaishi zaidi katika vitabu vya shule za Kenya kuliko vinywani mwa watu, ilhali ng'ambo ya mpaka wenzetu wa Tanzania wanasema kompyuta wala hawaoni haya. Sisemi kwamba waliobuni maneno hayo walikosa akili. Nasema kwamba mwanafunzi alipewa kiasi kizuri, akaambiwa akifyatue katika mtihani, na alipotoka nje ya chumba cha mtihani hakukuta duka lolote linalokiuza.

Walimu wenzangu, rai yangu kwenu ni nyepesi. Mnapofundisha istilahi, msimwambie mwanafunzi tu kwamba neno fulani ndilo sanifu. Mwambieni limetokana na ganda gani. Mwacheni alikate, alipime, alijaribu katika sentensi tano zake mwenyewe, na aende nalo nyumbani akaone kama shangazi yake atalielewa. Likikataa kulipuka, si lazima lawama iwe ya shangazi. Nanyi wanafunzi, kabla ya kukimbilia neno la Kiingereza na kulivalisha irabu mwishoni, fungueni kwanza kamusi za kale. Humo mna maneno ya mabaharia, wahunzi, wafinyanzi na watu wa magobore, mengi yakiwa yangali mazima.

Tafsiri ya kijana wangu wa Kisauni ilikamilika baada ya majuma mawili. Nilihesabu humo neno kiasi na wingi wake mara kadhaa, na risasi, ganda, baruti na fataki kila moja mahali pake pa haki. Nilimpa aisome dada mmoja karani wa mahakama, ambaye hakuwahi kuligusa somo la isimu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza maana ya neno mtutu, akaendelea. Kuhusu kiasi hakuuliza chochote.